Kikohozi cha Chumba Namba Tano

Mwaka ule wa korona nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya msingi hapa Voi. Shule zikafungwa. Mume wangu alikuwa kazini Mombasa, na siku ilipopigwa marufuku kuingia na kutoka huko, alinipigia simu akasema, "Wiki mbili tu, vumilia." Wiki mbili zikawa miezi. Nikabaki peke yangu kwenye ploti yetu ya vyumba sita vya kupanga inayotazama reli. Hata kwa mama yangu kule Mbololo niliogopa kwenda, maana ana pumu, na sikutaka niwe ndiye niliyempelekea maradhi.

Ndipo nikaanza kuandika riwaya. Kabla ya hapo sikuwa nimeandika kitu kirefu kuliko insha ya mfano ya darasa la saba. Nilichukua daftari la maandalio ya masomo, nikaandika: wakati wa kafyu, katika ploti ya vyumba sita, mpangaji wa chumba namba tano ametoweka. Hakuna aliyemwona akitoka. Majirani wanaapa kwamba hadi jana walimsikia akikohoa ndani, na kwa jinsi kila mtu alivyoogopa kikohozi siku hizo, hakuna aliyethubutu kubisha.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa mjane, mtu wa Mombasa kwa asili, aliyeletwa Voi na mumewe alipoajiriwa reli. Ploti nzima tulimwita Bibi. Alikuwa akipika mahamri ya kuuza. Siku moja alinisikia nikijisomea kwa sauti, akataka kujua ni nini. Tangu hapo nikawa namsomea kila alasiri akishaswali, yeye kwenye kiti mlangoni kwake, mimi kwangu, na ndoo ya kunawia mikono katikati yetu.

Mambo yaliharibika sura ya nne. Ndani yake nilikuwa nimemtia mama muuza mahamri, mdaku, anayesikia kila kitu na kuchanganya kila kitu. Nilidhani Bibi atacheka.

"Mwalimu," alisema, "huyo ni mimi."

"Hapana, Bibi, ni mtu wa kubuni."

"Wa kubuni, na ana jino la dhahabu, na akaa mlango wa pili? Haya. Ahsante."

Akaingia ndani, akateremsha pazia.

Siku tatu hakutoka kuniamkua. Nilijaribu kuendelea kuandika, nikashindwa, na ukweli ni kwamba hata mimi sikujua nani alifanya nini katika hadithi yangu. Lakini lililoniuma ni jingine. Miaka minne nilikuwa nimeishi na yule mama ukuta mmoja, na kitu pekee nilichoweza kuandika juu yake ni jino na mdomo. Sikuwa nimewahi kumwuliza hata mumewe alifariki kwa nini.

Siku ya nne nilivaa barakoa, nikapiga hodi.

"Bibi, nimekuja kuomba radhi. Nilikuandika vibaya."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Hukuniandika vibaya. Umeniandika mjinga. Mwanamke akaa mlangoni kutwa, asikia yote, kisha hajui lolote? Wapi umemwona huyo?"

"Basi angejua nini?"

Pazia likafunguka. "Nimemwuguza mume wangu kifua miaka miwili, hadi Mungu alipomchukua. Mgonjwa wa kifua hachagui wakati. Akila, kikohozi chamshika. Akisema, chamkatiza. Huyo wako wa chumba namba tano akohoa tu mtu akikaribia mlango. Hicho si kikohozi, mwanangu. Hiyo ni kufuli."

Nilirudi kwenye daftari, nikasoma upya. Ilikuwa kweli, nami niliyeandika sikuiona! Mpangaji alikuwa ameondoka zamani, na aliyekuwa akikohoa mle ndani ni mtu mwingine, akipekua bila kusumbuliwa, akitafuta hati ya shamba la mpangaji.

"Na mpangaji usimwue," Bibi aliniambia kesho yake, amesharudi kitini. "Maiti za redioni zatosha."

Nikamwacha hai. Nikamficha kule Miasenyi, kwenye barabara ya Mombasa, akiosha vyombo kwenye hoteli ya madereva wa malori. Mama wa mahamri nikamwandika upya tangu sura ya kwanza, na ndiye anayefumbua fumbo.

Barabara ilipofunguliwa mume wangu alirudi amekonda, ana ndevu, akakaa mlangoni akasoma madaftari yote saba kabla hata hajafungua begi. Wachapishaji wawili waliikataa riwaya. Wa tatu aliichukua.

Kitabu kilipotoka nilimpelekea Bibi nakala. Hasomi herufi hizi zetu. Kwao alisomea chuoni, yaani madrasa, anajua za Kiarabu. Alilipapasa jalada, akaniomba nimsomee sura ya nne. Nilipomaliza alitikisa kichwa kukubali, akaingia ndani, akatoka na daftari lake mwenyewe. Lilikuwa limejaa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto: jinsi alivyofika Voi kwa treni akiwa bibi harusi, asimjue mtu hata mmoja.

"Nilianza kuandika siku zile nilipokununia," alisema. Akavaa miwani, akaanza kunisomea.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea kalamu mbili mpya. Alisema moja yatosha, kisha akazichukua zote.