Mama Tope na gugu linalopanda malori

Asubuhi hii kinachoonekana cha Mama Tope ni miguu tu. Imetokeza chini ya lori la matairi kumi, ndani ya mabuti ya mpira, na sauti yake inatoka huko huko uvunguni.

"Dereva! Hili tope umelitoa wapi?"

"Si nimekwambia, mama? Natoka mjini."

"Mjini kuna lami, baba. Tope hili ni la shambani. Sema kweli, usinichoshe kabla sijanywa chai."

Dereva anakuna kichwa, anacheka, kisha anataja barabara ya machimboni. Mama Tope anajitoa uvunguni, uso umejaa vumbi la tope hadi kwenye nyusi. Mkononi ana kijiti kikavu chenye vijani vilivyochanikachanika, na anakiinua mbele ya mwandishi wa makala haya kama mtu aliyekamata mwizi.

"Huyu hapa. Gugu karoti. Kapanda lori bila nauli, na alikuwa anakwenda bondeni kwetu!"

Mama Tope ni mwosha malori. Ana miaka hamsini na miwili, wajukuu watatu na mdomo usiojua likizo. Jina hilo la utani alipewa na madereva waliodhani litamuudhi. Yeye akalichora kwa rangi ya bluu kwenye geti la yadi yake.

Gugu analolisaka ni mgeni aliyetoka mbali na hana mpango wa kuondoka. Majani yake hufanana na ya karoti, na maua yake ni madogo, meupe, hata asiyejua anaweza kuyachuma akapambe meza. Mmea mmoja humwaga mbegu kwa maelfu. Ng'ombe akiula, maziwa huwa machungu. Mtu akiung'oa kwa mikono mitupu, ngozi humwasha na kuvimba. Mbegu hushika tope, tope hushika lori, na lori linakwenda popote penye mzigo.

"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone," anasema Mama Tope. "Huyu hawakumwona. Huyu akija, mwenyeji anahama."

Anajua anachosema. Yeye na mdogo wake wa kiume walikulia penye malisho, baba yao akiwa na ng'ombe kumi na wanane. Gugu lilipoingia, maziwa yakakosa mnunuzi, mikono ya mama yao ikachubuka kwa kung'oa, na ng'ombe wakauzwa mmoja mmoja mpaka zizi likabaki la kuku. Ndugu hao wakahama. Mdogo alipata shamba la ngano bondeni, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka hapa, na dada akashika brashi.

"Lile bonde ndilo tulilobaki nalo," anasema, na kwa mara ya kwanza leo hatanii. "Tukifukuzwa na huko, twende wapi?"

Waoshaji wengi huanza na maji. Mama Tope huanza na chuma cha kukwangulia. Tope hubanduliwa likiwa kavu, likaangukia turubai, kisha likachomwa ndani ya pipa. Maji hufuata baadaye, nayo huishia kwenye shimo alilolisakafia kwa saruji.

"Ukianza na maji hujaosha, umepanda," anaeleza.

Kwa ajili ya shimo hilo alihama mtoni, mahali ambapo malori yote yalioshwa na mbegu zikateremka na maji hadi kwenye mashamba ya watu. Kati ya wateja kumi, watatu tu walimfuata. Waliobaki walimwendea Fundi Povu, mwoshaji wa pale darajani.

"Tulikuwa hatusalimiani," anakiri Fundi Povu, bwana mnene ambaye kicheko chake hakiko mbali. "Nilisema huyu mama anajifanya daktari wa malori. Sasa mgonjwa yuko wapi?"

Kilichowapatanisha ni mvua. Mto ulifurika, Fundi Povu akakosa pa kusimama, na Mama Tope akamtumia ujumbe: lete pampu yako, shimo linatutosha wawili. Akaja amenuna. Akapewa chai, akapewa turubai, na mdomo ukafunguka. Kumbe madereva walikuwa wakimweleza kila kitu: ni barabara ipi imeota gugu jipya, na ni mashine ipi ya shambani inakwenda wapi.

"Nikamwambia, kaka, habari zote hizo umezikalia kama kuku anayeatamia?" anasema Mama Tope. "Zitoe bwana, zitufae wote!"

Ndipo likaanza kundi lao la WhatsApp. Leo lina waoshaji thelathini na mmoja wa njia kuu, sita kati yao wakiwa ng'ambo ya mpaka. Anayekuta gugu kwenye tope hutuma picha, akasema lori limetoka wapi, linakwenda wapi na limebeba nini. Bibi shamba, yaani afisa kilimo wa eneo hili, huziweka taarifa hizo kwenye ramani na kuwapigia wenzake wa kule lilikoanzia, ili gugu ling'olewe kabla halijachanua.

"Mimi nina pikipiki moja na eneo kubwa kupita akili," anasema bibi shamba. "Bila hawa ningekuwa nalikuta gugu limeshazaa wajukuu."

Ujumbe ambao Mama Tope hausahau uliingia msimu uliopita wa mavuno. Ulikuwa wa sauti, kutoka kwa Fundi Povu, akihema.

"Dada, kuna kombaini imepita hapa juu ya trela. Imetoka kule kwenye gugu na haijaoshwa tumboni. Nimemsimamisha dereva, kanicheka. Inakwenda bondeni, na shamba la kwanza ni la mdogo wako."

Kombaini ni ile mashine kubwa ya kuvunia ngano, na tumbo lake lina mikanda na vichochoro vya kuficha mbegu ndoo nzima. Wingu lilikuwa limeshatanda. Mama Tope akapiga simu bondeni.

"Dada, hilo wingu unaliona?" mdogo wake alimjibu. "Ngano imekauka, inataka kukatwa leo. Ikinyeshewa nitakula nini, maneno yako?"

"Mdogo wangu, unaikumbuka mikono ya mama?"

Mdogo mtu akakata simu.

Mama Tope hana sare wala mamlaka ya kumzuia mtu. Alitoka tu akasimama kando ya barabara. Trela lilipotokea, lilipunguza mwendo, likakunja kona lenyewe na kuingia getini.

"Mwenye shamba kapiga simu," dereva alifoka. "Kasema nioshwe hapa au nirudi nilikotoka!"

Kidole kimoja hakivunji chawa. Fundi Povu alifunga kwake akaja na pampu na watu wake, na waoshaji wa kituo cha mafuta wakafuata. Kazi ya siku nzima iliisha saa saba mchana. Tumboni mwa mashine walitoa ndoo mbili za makapi, na ndani yake mbegu nyeusi za gugu zilijaa tele.

Kombaini ilifika bondeni alasiri. Mvua iliikuta robo nzima ya ngano bado imesimama, ikalowa na kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

"Nilijivunia mdogo wangu, na nililia," anasema Mama Tope. "Yeye hajawahi kunilaumu. Lakini pia hatujawahi kulizungumza. Nikimpigia, tunaongea habari za watoto, basi."

Mashine hiyo ilivuna mashamba mengine kumi na mawili msimu ule. Mwaka huu bibi shamba ameyazunguka yote, na hakukuta hata mche mmoja wa gugu karoti.

Mpango wa Mama Tope sasa ni shimo la saruji kwenye kila njia inayoingia mashambani. Waoshaji wanachanga wenyewe, na la kwanza limekamilika wiki iliyopita, mlangoni mwa bonde. "Goti langu bovu," anasema. "Nataka siku nikilala mimi, kazi isilale."

Mchana anaomba lifti ya gari la gazeti akalione. Hajawahi kulifikia. Bondeni, mti umelazwa kukatiza barabara, na mwanamume aliyekunja suruali hadi magotini anainuka kandokando ya shimo. Anainama, anakagua matairi, anatikisa kichwa.

"Shukeni."

"Mdogo wangu, ni mimi!" Mama Tope anatoa kichwa dirishani.

"Nakuona, dada. Na tope nalo naliona."

"Hili ni gari la waandishi, halijakanyaga shamba!"

"Limetoka kwenye yadi ya kuoshea malori. Yadi yako. Nani asiyejua kilichoko pale chini?"

Mama Tope anafungua mlango, anashuka, anasimama kando ya barabara na mabuti yake. Mdogo wake ameshaingia uvunguni, miguu nje, na tope linaanza kudondoka kwenye turubai. Ngano nyuma yake imefika kiunoni, kijani kitupu. Mama Tope anajifuta macho kwa kiwiko, anamgeukia mwandishi.

"Andika," anasema, "kwamba nimezuiwa na mdogo wangu mwenyewe. Andika kwa herufi kubwa."