Jogoo wa Shingo Ndefu

Navalayo alicheka mpaka akashika tumbo, na tumbo lenyewe lilikuwa la miezi mitano.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Gari la sinema lilikuwa limetoka Kakamega mjini hadi Lumakanda, na shuka jeupe likatundikwa kwenye ghala aliloliacha mzungu. Kwanza ilikuja filamu ya mbolea ya mahindi. Watu wakapiga miayo. Kisha akaja jogoo wa kuchorwa. Kila alipokimbizwa, shingo yake ilirefuka kama kamba ya kisima, ikajizungusha mitini, akaanguka, akainuka. Mzee Kibiwott, Mnandi asiyejua hata neno moja la Kiluhya, alicheka pamoja na watoto wa Waluhya. Mwonyeshaji akawaambia kwamba jogoo huyohuyo anachekwa Bombay na Uingereza, na wazee kwa watoto, na kwamba kila mwezi atawaletea kisa chake kipya.

Jescah, mama mkwe wa Navalayo, hakucheka. Walipokuwa wakirudi nyumbani alisema polepole, "Mwenye mimba hacheki kilema, mwanangu. Anachokicheka ndicho atakachokizaa."

Jescah hakuwa mwovu. Alirudia aliyoambiwa na mama yake. Lakini neno lisilopimwa halimwulizi mtu kama ana nguvu za kulibeba. Usingizi ukamhama Navalayo. Akisonga ugali wa obusuma, mwiko ulikuwa shingo. Mtoto akicheza tumboni, alijiuliza kama ni mguu au ni shingo. Kuku wa nyumbani akiinua kichwa kumeza maji, aligeuza uso. Hakumwambia mumewe, Protus, lolote. Aliona haya kuogopa mchoro, naye ni mke wa msomaji wa Biblia kanisani. Gari liliporudi, kijiji chote kilitoka, hata vikongwe wenye mikongojo. Yeye alijifungia ndani, akaziba masikio asisikie vicheko.

Uchungu ulimshika asubuhi moja ya palizi. Jirani yake, Chepkemoi, ndiye aliyekuwa mkunga. Kichwa cha mtoto kilipotoka, Chepkemoi alimshika paja kumzuia.

"Usisukume," akasema. "Kuna kitu shingoni."

Navalayo akafumba macho. Malipo yamefika, aliwaza. "Ni ndefu?" akauliza.

"Ni kamba ya kitovu imemzunguka. Tulia niitoe."

Muda ule ulikuwa mrefu kuliko mimba nzima. Kisha mtoto akalia. Kabla ya kuuliza kama ni mvulana au msichana, mama yake alinyoosha mkono akapapasa shingo. Ilikuwa fupi, imejaa mikunjo ya mafuta. Hapo ndipo alipolia na kueleza yote.

"Mimi nilimcheka jogoo huyo siku ileile, nikiwa na tumbo kubwa kuliko lako," Chepkemoi alisema. "Mbona mtoto wangu Kimutai ana shingo fupi kama ya kobe?"

Jescah, aliyekuwa akichemsha maji, aliinamisha uso. "Nilisema nilivyoambiwa."

"Na aliyekuambia, mama, alimwona wapi jogoo wa kuchorwa?"

Jescah akasukuma kuni motoni.

Mtoto alipojua kukaa, gari lilikuja tena, na ni Jescah mwenyewe aliyempakata mjukuu wake mbele ya shuka. Mtoto akacheka, na bibi naye akacheka, kiganja mdomoni. Navalayo hakulitazama shuka. Mkono wake ulikuwa nyuma ya shingo ya mwanawe, ukipima.