Mti Mchungu wa Kima

Kazi ya Sylvanus Onyancha ilikuwa kuokota mavi ya kima, na kwa miaka kumi na mmoja hakumpata mtu Nyacheki nzima aliyeisikia kazi hiyo bila kucheka. Wengine walijitahidi kujizuia, maskini, wakasingizia kikohozi. Mkewe Persis, akiulizwa na akina mama wa kanisani mumewe anafanya kazi gani, alijibu kwamba yuko kwenye mambo ya utafiti, kisha akabadilisha mazungumzo upesi.

Lakini kazi yenyewe aliipenda, nami simlaumu. Alfajiri alipanda kilima kilicho juu ya mashamba ya chai, akatandika gunia chini ya mti walikolala kima, akasubiri. Kima ni kama sisi: akiamka, jambo la kwanza ni haja. Sylvanus alichota kinyesi kikiwa bado cha moto, akakitia kwenye kichupa chenye dawa, akaandika jina la kima mwenyewe. Majina aliyatoa kanisani. Dume mwenye tamaa alimwita Shemasi. Jike aliyewashinda wote kwa kelele, Mwalimu wa Kwaya. Mmoja tu alimpa jina la heshima, Nyanchama, jina la marehemu mama yake, kwa sababu alikuwa jike mzee mpole aliyebeba hata watoto wasio wake. Jumla walikuwa kumi na wanne, katika kipande cha msitu kisichotosha hata shule.

Vichupa vilikwenda kwa Daktari Mwende, mtafiti aliyekuja kila mwezi kuvichukua akapime minyoo. Yeye na Sylvanus ndio waliogundua jambo lile. Mvua zikizidi, minyoo ilizidi tumboni, na kima walikwenda kwenye mti fulani mchungu, wakavunja chipukizi, wakalimenya, wakatafuna kiini chake huku wamekunja nyuso kama mtoto anayepewa dawa ya malaria. Chipukizi moja, kwa wingi mawili, kisha wakaenda zao. Baada ya siku kadhaa minyoo kwenye vichupa ilipungua.

"Mzee, hii tusiseme bado," Daktari alimwonya. "Tupime kwanza miaka mitatu."

"Sawa, Daktari. Kwani mimi nitaambia nani?"

Aliliambia kanisa zima. Sabato moja ya Aprili, mzee wa kanisa, Manasseh, alimwomba atoe somo la afya baada ya ibada. Miaka kumi na mmoja unachekwa, kisha siku moja watu mia mbili wananyamaza wakusikilize! Nani angefunga mdomo? Alianza na kunawa mikono, akaishia kwenye mti. Alieleza majani yake yalivyo, unakoota, na kima wanavyoutumia. Watu waliandika pembeni mwa Biblia zao, na hakuna aliyecheka. Sylvanus alirudi nyumbani kichwa kimevimba, na Persis alitembea bega kwa bega naye mbele za watu wote.

Sasa, huku kwetu dawa ya kweli ni gome. Jani watu hulidharau, chipukizi ni la mbuzi. Mtu akitaka nguvu ya mti huchuna ngozi yake, na akipata wateja huchuna mpaka azunguke. Kima aling'ata chipukizi akaondoka. Binadamu aliuvua mti shati. Kufikia Juni miti yote thelathini na mmoja ya kilima kile ilikuwa imechunwa mviringo, na sokoni Keumbu mafungu ya magome yaliuzwa kwa jina la dawa ya kima. Sylvanus aliwasihi waliokuja na mapanga. Walimwitikia kwa adabu, "Ndiyo, mwalimu," wakaendelea kuchuna. Yeye na Persis walikanda udongo na samadi, wakapaka majeraha, wakayafunga kwa maganda ya migomba, mti baada ya mti, siku nne. Haikufaa kitu. Mwezi wa Julai majani yalikauka yote.

Ulimi huponza kichwa, husema watu. Wa Sylvanus uliponza vichwa vya wasiojua hata kuongea. Mvua haikukatika mwaka huo. Kima, wakikosa dawa yao, walidhoofika, wakashindwa kufikia matunda ya juu, wakashuka kwenye migomba ya watu na kwenye kijito kinachopita nyuma ya vyoo. Huko waliokota minyoo yetu juu ya minyoo yao. Daktari alipopima vichupa vya Septemba alipiga simu, wala hakusalimia.

"Mzee, uliambia nani?"

"Kanisa."

Sylvanus alitamani Daktari amtukane, lakini hakumtukana.

"Endelea kuokota," akasema Daktari. "Angalau tujue wanakufa na nini."

Basi akaendelea. Shemasi alikufa akiwa mifupa mitupu. Mwalimu wa Kwaya alibeba maiti ya mwanawe siku tano, kisha naye hakuonekana tena. Wakabaki tisa, wakabaki sita, wakabaki watatu. Sylvanus aliacha kula cha jioni. Alimwambia Persis waziwazi kwamba ameua.

Novemba alimkuta Nyanchama amekufa kando ya kijito, mwepesi kama kikapu kitupu. Wale wengine wawili alikuwa hajawaona kwa wiki tatu. Alichukua kinyesi cha mwisho, akaandika jina la mama yake kwenye kichupa, akaanza kuchimba.

Jirani yake Bosibori akatokea na mtungi, mtoto mgongoni.

"Omogaka, mzee wetu, nilikuwa nakutafuta nikushukuru," akasema, akigeuka mtoto aonekane. "Huyu Gibson alikuwa na tumbo kama ngoma. Ona sasa! Hiyo dawa yako imemsaidia sana."

Mtoto alikuwa amenona mashavu. Sylvanus alimtazama, akashindwa hata kuchukia.

Bosibori akachungulia shimoni. "Na huyu ameuawa na nini?"

"Minyoo."

"Ai! Kwani hakujua dawa yake?"

"Alijua," akasema Sylvanus. "Ni yeye alituonyesha."

Akaanza kufukia.