Mswaki wa umeme na wa mkono: fizi zangu zimenipa jibu

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Wajukuu, marahaba kabla hamjaniamkia.

Mimi ni bibi, nipo Mafinga. Shule niliishia njiani, asinisahihishe mtu herufi. Ninayoandika yamenitokea mdomoni mwangu mwenyewe. Anayetaka chumvi akaitafute dukani.

Fizi zilikuwa zinatoa damu. Nikipiga mswaki, mate mekundu. Siku moja natafuna hindi la kuchoma, jino la mbele likacheza!

Nikaenda kwa daktari wa meno Iringa mjini. Akanisafisha, akasema, "Bibi, ukoga ulikaa mpaka chini ya fizi. Usiposafisha vizuri nyumbani, hili jino linatoka."

Jino la mbele, wakuu. Nitachekaje kanisani?

Mjukuu wangu wa Mbeya (tunaitana wake wenza, utani wa bibi na mjukuu mnaujua) akanitumia mswaki wa umeme. Ule wa kuchaji.

Siku ya kwanza nikauwasha kabla haujaingia mdomoni. Povu likaruka mpaka kwenye miwani ya mzee! Mume wangu ni fundi seremala, hacheki ovyo. Siku hiyo alishika ukuta.

Mimi nikaendelea kusugua kama nasugua sufuria la ugali. Mashine inazunguka, na mimi nasukuma. Damu ikazidi. Nikataka kuutupa chooni.

Mzee akanizuia. "Mama Neema, unasafisha meno au unaranda mbao? Hata randa ya umeme haikandamizwi. Unaishika tu, inakula yenyewe."

"Nyamaza na wewe, mswaki wako umechanua kama fagio!"

"Basi tushindane. Daktari ataamua."

Akanunua mpya, wa mkono, laini. Anapiga polepole, jino kwa jino. Mimi nauweka wa kwangu pembeni ya fizi, nauacha ufanye kazi.

Kila asubuhi tupo uani na baridi hii ya Mafinga, tunachunguliana mate. Jirani akadhani tumerogwa.

Tukarudi kwa daktari. Damu hakuna. Fizi zimekaza, jino limeshika! Nikapiga vigelegele pale pale kwenye kiti chake.

Nikamuuliza nani kashinda. Akasema wote tumesafisha vizuri. Wa umeme unarahisisha kazi, hasa kwa vidole vilivyokakamaa kama vyangu. Wa mkono nao unafaa, ukipigwa kwa utulivu. Mzee kichwa kikavimba.

Nilichojifunza: acheni kukandamiza. Fizi zikitoa damu usiache kupiga mswaki, nenda ukaonwe. Na kama wa umeme huna, usijione mnyonge.

Sasa mzee ananibembeleza ajaribu wa kwangu. Nimemwambia kitanda tunalala kimoja, ila mswaki kila mtu na wake!

Haya, nyie mnatumia upi na fizi zinasemaje? Andikeni hapo chini. Anayepiga mswaki Jumapili tu apite kimya.