Ngeleka Aliomba Munyu

Bwana yangu Tshimanga hakuwa mutu wa maneno mingi. Alitumika ku atelie ya shaba hapa Kolwezi, alilipwa, alikula, alilala. Ukimuuliza habari ya kazi, anasema, "Iko." Nilimuzoea. Lakini mwaka ile mutoto yetu alizaliwa, alinyamaza mupaka mi mwenyewe nikaanza kusema peke yangu sawa mwenda wazimu.

Ilikuwa wakati ya otantisite, ile siasa ya kurudia mambo ya kwetu ya zamani. Leta, serikali yetu, ilikataza majina ya ubatizo. Mi, Mado wa bantu bote, niliamuka siku moja nikaambiwa ku karatasi mi ni Mianda. Sawa. Mutoto naye alipaswa kuchukua jina ya bankambo, babu zetu, na pale hatukuona shida. Baba ya Tshimanga, marehemu Ngeleka, alikuwa fundi wa njia ya treni kule Kasaji, na kwetu bantu ya Kasai, mutoto mwanaume wa kwanza anachukua jina ya baba ya baba yake. Tulimuita vile tangu angali mu tumbo.

Kisha ile kitabu ikaingia mu nyumba.

Mwalimu mumoja muzungu alikuwa anarudi kwao, anagawa bitu. Bengine balipata sufuria, mumoja alipata frigo. Bwana yangu akaleta kitabu. Iliandikwa na mukubwa mumoja wa Leta ya wabelgiji, ule aliyekuwa anazunguka mu hii inchi ndani ya kipoyi, banaume wanne banamubeba ku mabega na kiti yake. Tshimanga alinisomea kwa furaha, anageuza Kifaransa mu Kiswahili, juu aliona foto ya gare, stesheni ya treni, ya Kasaji. Ee, ule mutu alijua kuandika! Tumbo yake yenye kuuma ilipata sura muzima mu kitabu. Chandarua yake, kurasa na kurasa. Sisi bantu tulipewa nafasi pamoja na ndege. Alifika mu kijiji asubuhi, akakula saa sita, jioni alikuwa amekwisha kutujua: tuko bavivu, hatuwazi, tunacheka bure. Nilicheka bure.

Lakini Tshimanga akafika ku mambo ya Kasaji, na sauti yake ikabadilika. Ule muzungu aliandika hivi: "Nilipita ku kilio ya muke ya fundi mumoja, Ngeleka, mutu ya Kasai. Maiti ilikuwa inalala pale. Yeye alikaa, macho kavu. Aliomba kitu moja tu: munyu. Mweusi hana huzuni ya kweli. Tumbo yake inashinda moyo yake."

"Aa wapi!" nikasema. "Muzungu wa kubebwa anajua nini?"

Lakini bwana yangu hakunisikia tena. Ku kilio yetu, mwanaume aliyefiwa na muke hagusi munyu, ile chumvi ya chakula, mupaka siku ya kunyolewa. Chakula yote ya ile nyumba inapikwa hivi-hivi, bila ladha. Muzungu aliandika ile neno sawa kichekesho. Tshimanga aliisoma sawa Muluba, mutu ya kabila yetu ya Kasai, na ilimuuma kuliko hata muzungu alivyotaka. Ile maiti ilikuwa mama yake. Na baba yake, mupaka kufa kwake, hakumutaja hata mara moja.

"Mutoto hatachukua ile jina," akasema.

Basi. Mutoto akabaki "mutoto". Ku buro ya Leta banauliza jina, tunasema kesho. Mwisho bajirani bakaanza kumuita Kesho. Nilikasirika. Kumununia marehemu juu ya kitabu! Nikamufunga mutoto ku mugongo, nikamuambia Tshimanga, "Dada ya baba yako angali muzima. Tunapanda treni. Utabishana na yeye, usibishane na karatasi."

Mama Kanku, ule dada ya Ngeleka, tulimukuta ku soko ya Kasaji, anauza mihogo. Tshimanga alimusalimia kwa mikono mbili, inavyofaa, kisha akamusomea pale pale amesimama. Mama akasikiliza, anapanga mihogo yake.

"Nani aliandika?"

"Mukubwa wa Leta, mama. Wa kipoyi."

"Ule wa kukimbilia choo kila saa?" Akacheka mupaka akajishika mbavu.

"Mama. Tata Ngeleka aliomba munyu?"

"Aliomba. Mi njo nilimuletea."

Bwana yangu akafunga kitabu. Nilimuhurumia, kweli. Nilitaka kumushika mukono mbele ya soko yote.

"Basi ni kweli," akasema.

"Kweli nini, weye mutoto? Ulikuwa hata meno haijatimia. Tangu mama yako alikufa ulikataa kukula. Tulikupa uji ya kilio, haina munyu, unatema. Macho ilikuwa imeingia ndani. Ngeleka akaniambia: Kanku, leta munyu, huyu naye ataniacha. Bazee bakapiga kelele: munyu mu kilio, unamutukana marehemu! Akasema: nitaongea na yeye mwenyewe, ni muke yangu. Akatia munyu mu uji, akaonja kama inatosha, akakulisha na kidole."

Akaweka muhogo chini.

"Sasa bazee bakamukatalia makaburi. Mutu aliyeonja munyu hawezi kumuzika muke yake. Bakamubeba mama yako, yeye akabaki ku nyumba na weye. Macho kavu, ndiyo. Angelia, na weye unamuangalia?"

Tshimanga akauliza na sauti ndogo, "Na mi?"

"Weye ulikula yote, ukalala. Tuliporudi toka makaburi alikuwa angali amekushika. Mukono yake ilikuwa imekufa ganzi, na hakutaka mutu akuguse."

Bwana yangu alilia pale, kati ya mihogo, bamama bote banaangalia. Kisha akaniambia nimupe mutoto. Mutoto alikuwa analala, na kila mama anajua kazi ya kulalisha mutoto mu soko. Akamuamusha juu ya kumuambia jina yake: Ngeleka. Nikapokea mutoto, nikaanza kumulalisha tena.