Dundu Niliowabeba Kutoka Kihesa

Mama yangu hakupanda mahindi kwenye udongo asioujua. Kwetu Kihesa, mvua zikikaribia, aliweka mavi mabichi ya ng'ombe shambani jioni, akayaacha. Asubuhi tulikimbia kuangalia. Tukikuta dundu weusi wameyaviringisha na kuyazika, mama alicheka. "Haya, shamba liko hai. Leteni majembe!"

Sisi watoto tulishindanisha dundu. Wangu alishinda kila mara, na anayebisha aje. Nilijua kuchagua wenye miguu minene.

Nilipoolewa huku Makongolosi, mume wangu alinicheka na mavi yangu. Lakini dundu walikuja, na shamba likatulishia watoto wote.

Sasa mume hayupo, na ng'ambo ya kijito wameweka mitambo ya kuoshea dhahabu. Mvua ikinyesha, kijito kinafurika na maji yao machafu yanaingia upande wa chini wa shamba langu. Udongo umekuwa mgumu kama sakafu, una ukoko mweupe. Maharage yanageuka manjano yangali madogo. Niliweka mavi pale, yakakauka yakiwa bado na alama za vidole vyangu.

Shamba hilo ndilo chakula changu na cha mjukuu wangu wa kike ninayemlea. Sikukubali. Nilipokwenda Kihesa msibani, nilirudi na ndoo ya dundu, wamelala kwenye udongo na mavi ya kwetu, juu nimefunga kitenge.

Mjukuu akaziba pua. "Bibi, wenzako wanarudi na viazi, wewe na mavi!"

"Nyamaza. Hawa ni vibarua wangu."

Jioni niliwamwaga upande wa chini, na mavi mapya. Asubuhi mavi hayajaguswa. Baadhi ya dundu wamekufa, miguu juu. Waliobaki tuliwakuta kule juu karibu na zizi, wanaviringisha kama wako kwao.

"Bibi, wamehama," akasema taratibu.

Nilikaa chini. Kule upande wa chini ndipo tulipoanzia kulima mimi na mume wangu. Kule ndipo uchungu wa mtoto wangu wa kwanza uliponishika, jembe mkononi.

"Tutalima huku juu tu," nikasema. "Cha huko chini hatuli tena."

"Na maharage yaliyoota?"

"Yang'oe."

Akashuka, akayang'oa yote. Mimi sikwenda. Nilikuwa namwangalia dundu mmoja wa miguu minene, kichwa chini, makalio juu, anasukuma mzigo wake. Mjukuu aliporudi nikamwonyesha.

"Huyu wangu. Haya, chagua wako."