Wati za Kumfikia Baba

Ugatuzi ulipofika Isiolo, mikutano ikawa mingi kuliko mvua, nami nikanunua spika mbili za besi, zile za honi: sanduku kubwa la mbao ambalo ndani yake sauti hupita kwenye njia iliyopindapinda kabla ya kutoka. Kwa umeme kidogo tu zinatikisa mabati ya jirani. Kwa sababu hiyo watu huamini zinaweza kubeba chochote.

Kaka yangu alikuwa mmoja wa watu hao. Siku ya harusi ya mdogo wetu, hapa mtaani Wabera, alifika na amplifaya ya kanisa, yenye nguvu mara tatu ya wati zilizoandikwa mgongoni mwa spika.

"Sista, hii sanduku ni kama tanki. Itabeba tu."

"Sanduku itabeba. Koili ya ndani, ule waya unaosukuma sauti, itaungua."

Hakuwa mjinga, alikuwa na sababu. Baba yetu, mfugaji wa Oldonyiro, alikuwa amebaki na masikio ya mapambo. Hata kengele za ng'ombe wake hakuzisikia tena. Vijana wangeimba wimbo wa dume lake, kwa kuwa kila mwanamume wa Kiturkana ana dume analoliimbia, na sisi hatupigi ngoma, tunaruka na kukanyaga ardhi. Tulitaka aupate wimbo huo, hata kama ni kwa kifua.

Lakini kishindo cha miguu ni kizito mno kwa honi. Sauti ikishuka kupita kipimo chake, sanduku haliishikilii tena. Karatasi ya spika hurukaruka bila breki hadi ikapasuka. Kaka naye alikuwa ameshaweka maikrofoni chini ya ubao alioutandika chini ili vijana waurukie. Nilizikata zile sauti za chini kabisa kwenye miksa, nikabaki na amplifaya yangu ndogo, nikayasikiliza matusi ya kaka kwa heshima zote.

Kisha nikakisogeza kiti cha Baba hadi kwenye mdomo wa honi, nikaushika mkono wake na kuulaza juu ya mbao.

Vijana wakaruka. Walipofika kwenye sifa za pembe za dume, midomo ya Baba ikaanza kuimba, nyuma kidogo ya wengine, halafu sambamba nao. Nililia mbele ya wakwe wote.

Baba akanivuta mkono, akasema kwa sauti iliyofika jikoni:

"Punguza. Wageni hawasikizani."